Maziwa ya Jioni

Ni harufu iliyonifanya niandike haya. Mama Sifa, mke wa mtoto wangu wa mwisho, alinitoa Nakivale akanipeleka Mbarara kwa ajili ya macho, na tulipotoka kwa daktari tukapumzika kwenye kibaraza cha duka la maziwa. Mwenye duka aliitwa Kyomugisha, mwanamke mnene anayecheka haraka. Alikuwa amekiinamisha kibuyu juu ya makaa yenye majani, anakifukiza, ili moshi ukae ndani na maziwa yachukue harufu yake. Sijui majani ya Wanyankole yanaitwaje. Moshi wake ni uleule wa kwetu.

"Mukaaka, onja hii," akaniambia. Ndivyo wanavyomwita bibi kizee huko. "Natoka Bwizibwera leo asubuhi. Hapana maji ndani."

Nikatikisa kichwa.

"Wewe nakataa maziwa?" Akacheka hadi kibuyu kikatikisika. "Kwa sisi mtu hapana kataa maziwa!"

"Hata kwetu hakuna," nikamjibu.

Na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ulikwenda nyuma ukapapasa kitenge changu kama kimelowa. Mimi, mwanamke mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, pale barabarani, mchana kweupe. Mama Sifa akaniuliza, "Mama, umekalia nini?" Nikamwambia sijakalia kitu. Kitenge kilikuwa kikavu. Lakini moyo ulikuwa umeshakimbia, umefika kule mlimani, kwenye boma la shangazi yangu Rebeka.

Shule sikupata. Herufi nilifunzwa na wamama wa kanisa nikiwa tayari nimezaa, kwa hiyo mkono wangu unakwenda polepole na mnivumilie. Majina sijawahi kusahau hata moja. Mama yangu aliitwa Esteri. Alikufa akimzaa mtoto wa kiume, na yule mtoto akamfuata kabla jua halijazama. Huyo ndiye mtu pekee wa ukoo wetu nisiyemjua jina, maana hakupewa. Baba yangu, Yonasi, alishuka bondeni kulima pamba ya Wazungu, akaniacha kwa dada yake. Ninyi wa rika langu mnaijua nchi ile juu ya Uvira, jinsi asubuhi ukungu unavyolala chini ya miguu yako, na ng'ombe unawasikia kabla ya kuwaona.

Kabla baba hajashuka alifanya jambo moja kubwa. Alikwenda misheni akazungumza na Madmazeli Klara, mwanamke wa Kizungu aliyesimamia bweni la wasichana. Vitanda vilikuwa vichache, na Madmazeli alichukua mtoto mmoja tu kwa kila boma. Baba akaliweka jina langu. Salome wa Yonasi. Aliporudi alinishika kichwa akasema, "Utajua kusoma, utanisomea barua." Kisha akaenda, na mimi nikaanza kuhesabika kama mtoto wa misheni, hata na mbuzi, nilidhani.

Lilibaki jambo moja. Nilikuwa nakojoa kitandani. Na kule misheni mtoto anayekojoa alirudishwa kwao siku hiyohiyo.

Kila asubuhi nilibeba mkeka wangu kichwani, unachuruzika shingoni, nikaupeleka kwenye ua kuuanika, na watoto walikuwa wananisubiri: Zakaria wa Ruhaya, Nyamahoro, na wale wana wawili wa Ezira, Simoni na Samweli. Waliimba wakipiga makofi:

"Salome, muita mvua! Kwenu imenyesha, kwetu kukavu!"

Zakaria alikuwa na sauti nzuri sana. Hata leo nikimkumbuka nasema, yule mtoto alikuwa na sauti.

Shangazi alianza kwa fimbo. Fimbo iliposhindwa akaleta majani ya kuwasha, akanipaka mapajani, nikashinda siku nzima nimetanua miguu kama bata. Nayo hayakusaidia. Basi jioni moja mume wake, Mzee Filipo, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, akasema mbele ya watu: "Rebeka, ndugu yako aliacha neno. Huyu mutoto anapashwa kuenda kusoma. Utamupiga mpaka lini?"

Shangazi akasimama. Namwona hata sasa, mrefu, shingo ndefu, amekunja mikono. Kisha akasema:

"Kutoka leo hakuna fimbo hapa. Mutoto anafunzwa kwa kumupa, hafunzwe kwa kumukata ngozi. Siku Salome atalala mukavu, jioni nitamupa maziwa ya Gaju. Ndani ya kibuyu ya wageni. Mutaona kama hatazoea."

Watu wote wakamsifu. Ezira, jirani yetu, alijipiga mapaja kwa viganja, akasema hajawahi kusikia mwanamke mwenye huruma hivyo, na kwa mtoto ambaye hakumzaa! Wamama walikwenda makwao wakiwaambia waume zao. Na mimi nilikaa pale mlangoni, mapaja bado yanawaka, nikampenda shangazi yangu kupita kitu chochote chini ya jua.

Ni lazima mjue maziwa ya jioni yalikuwa nini kwetu. Ya asubuhi yalikuwa ya kusukwa siagi, na ya wanaume wanaokwenda na ng'ombe. Ya jioni yalikuwa ya heshima. Mgeni alipewa, mzee alipewa, mchumba alipewa. Mtoto wa kike kupewa kibuyu chake mwenyewe, jioni, akae kwenye kigoda mbele ya watu, hilo halikuwahi kuonekana. Na yalikuwa na sheria zake. Maziwa hayanywewi umesimama. Hayakataliwi. Na hayaachwi, unakunywa mpaka unaona sakafu ya kibuyu, maana anayeacha maziwa anamtukana ng'ombe na aliyemkamua.

Asubuhi ya kwanza niliyoamka mkavu sikuamini. Niliugeuza mkeka pande zote, nikaunusa. Nikakimbia kwa shangazi, naye akaupapasa kwa kiganja mbele ya wote, akatangaza: "Mukavu!" Siku ile nzima sikutembea, nilielea. Jioni Gaju akakamuliwa, yule ng'ombe mwekundu mwenye jicho moja jeupe. Shangazi akanikalisha kwenye kigoda, magoti pamoja, akanipa kibuyu kwa mikono miwili kama mtu mzima. Maziwa yalikuwa bado na joto la mnyama, na ule moshi ulikuwa unapanda puani kabla hayajafika mdomoni.

"Kunywa yote, mama yangu. Maziwa haiachwe."

Nikanywa yote. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Asubuhi nilikuwa ndani ya maji.

Shangazi hakunipiga. Alikuwa ametoa neno, na neno lake alilishika. Alisimama juu yangu, akasema kwa upole, na huo upole ndio uliokuwa unakata: "Umeona, Salome? Nimekupa muzuri, umenirudishia mubaya."

Ikawa hivyo. Nikikauka, napewa. Nikipewa, nalowa. Nikilowa, sipewi, na nisipopewa nakauka. Ninyi mnaosoma mmeshaona, au sivyo? Mtu mzima anaona upesi. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto hatafuti kosa kwenye zawadi. Nililitafuta ndani yangu. Nilijua ndani yangu kuna kitu kibaya ambacho kikiona wema kinaamka. Nilijua pia kwamba Gaju hanipendi. Nilimpelekea chumvi niliyoiba kwenye chungu cha shangazi, nikamlambisha kiganjani, nikamwambia, "Gaju, nisamehe, sijui nimekukosea nini. Maziwa yako yakae ndani yangu." Akanilamba mpaka kiwiko, kisha akageuka akanipa mgongo. Nikalia, kwa maana niliona amekataa.

Kulikuwa na Debora, mtoto wa shangazi mwenyewe, tumelingana umri, yeye mrefu kunishinda. Debora hakuwahi kukojoa mkeka wake. Na hakuwahi kupewa maziwa ya jioni. Alikuwa anakaa kando ya mlango, anaangalia koo langu likipanda na kushuka.

"Mama anakupenda kupita mimi," aliniambia siku moja tukichota maji.

"Hapana."

"Njo vile. Mimi ninalala mukavu kila siku. Anipe nini? Hakuna."

Nilijua ni kweli. Nilimwonea huruma hasa. Kuanzia siku ile, nikimaliza kibuyu, niliacha lile povu lililoshika ukingoni, naye akapitisha kidole akalilamba haraka, mama yake asione. Hicho ndicho tulichogawana mimi na Debora.

Basi nikajifunza kujitawala. Sijui kama yuko mtoto aliyejitawala kama mimi. Niliacha maji tangu jua likiwa utosini, nikala ugali mkavu mpaka ulimi ukashika kwenye meno. Nilipopewa maziwa sikulala. Nilikaa nimeegemea ukuta, nikijifinya ngozi ya ndani ya mkono, nikatoka nje kwenye baridi, nikarudi, nikatoka tena. Nilijifunza kusinzia kama mbuzi, jicho moja. Mchana nililala nikitembea, nikaanguka na mtungi, Debora akanipepea. Lakini mkeka ulikauka. Ulikauka, ukakauka tena, na kila jioni nikapewa kibuyu na kila asubuhi nikatangazwa. Zakaria akaacha kuimba. Alijaribu wimbo mwingine juu ya macho yangu mekundu, haukushika.

Watu walikuja kumwuliza shangazi amefanyaje. Akawaambia, "Ni zawadi tu. Mutoto ukimupa, anajifunza mwenyewe." Nikisikia vile nilijivuna. Nilikuwa ushahidi wake.

Ikafika siku ya kuamkia kwenda misheni. Madmazeli Klara alikuwa apite kwenye boma letu asubuhi, akusanye wasichana. Shangazi alikuwa ameshonesha gauni la buluu kwa fundi wa bondeni, limetundikwa ukutani, nami nililishika mpaka likaanza kuchakaa mkononi. Lilikuwa refu. Nilipolijaribu lilinifunika vidole vya miguu. "Fundi alikosea," shangazi akasema. "Utakua ndani yake."

Jioni ile aliwaita Ezira na wengine, Mzee Filipo akaomba, na mimi nikakalishwa kwenye kigoda. Shangazi akaleta kibuyu cha wageni, kimejaa mpaka shingoni.

"Hii ni ya kushukuru ju umejishinda."

Nikanywa mpaka sakafu. Watu wakashangilia. Akaleta cha pili.

"Na hii ni ya baba yako, mwenye hayuko hapa. Utamunywea."

Nani angekataa maziwa ya baba yake? Nikanywa. Mengine yalirudi puani, nikayameza tena. Debora siku ile hakukaa mlangoni. Alikuwa nyuma ya nyumba, anaoshwa miguu na nyanya yake mzaa baba, na nilifikiri anaoshwa ili anisindikize.

Kisha shangazi akanifanyia heshima ya mwisho. Akasema leo Salome hatalala kwenye mkeka wa watoto, atalala kitandani kwake, ni mgeni wake. Akanilaza upande wa ukuta. Akajilaza mwenyewe upande wa nje, akanifunika blanketi, akaweka mkono wake juu yangu, mzito, wa joto. Tangu mama yangu Esteri afe hakuna mtu aliyekuwa ameniwekea mkono hivyo. Nilitaka kukaa macho. Nilijifinya. Nilitaka kutoka, lakini ningewezaje kumruka? Na mkono wake ulikuwa mzuri. Nikalala. Nililala usingizi wote niliokuwa najinyima.

Niliamshwa na sauti yake nje. Alikuwa ameshatoka na blanketi. Amelishika kwa ncha za vidole mbele ya Madmazeli Klara, linachuruzika kwenye jua, na watoto wote wamesimama. "Nimefanya yote, Madmazeli," anasema, na machozi yanamtoka kweli. "Sikumupiga. Nilimupa kila kitu. Lakini uangalie mwenyewe."

Madmazeli aliweka kitambaa puani. Aliniinamia, macho yake ya rangi ya majivu, akasema, "Pole, mutoto. Labda mwaka mwingine." Kisha akauliza kama kuna msichana mwingine kwenye boma hili.

Debora alitoka nyuma ya nyumba amenyolewa, amepakwa mafuta, amevaa lile gauni la buluu. Lilimtosha mabega, likamtosha kiuno, likamfika chini ya goti kama ilivyotakiwa. Na mimi, nimesimama pale nimelowa, mnajua niliwaza nini? Niliwaza, kumbe fundi alikosea kwa bahati nzuri.

Zakaria hakuimba siku ile. Hiyo iliniuma kuliko wimbo.

Mwaka mwingine haukuja. Baba aliporudi akasikia, akaniangalia mara moja tu, akaenda kuwaona ng'ombe. Barua zake alisomewa na Debora. Debora akawa mwalimu, akaolewa Bukavu, na vita vilipotutawanya sote sikusikia tena habari zake. Mimi niliolewa na Andrea, mtu mwema, nikazaa. Na mtoto wangu wa kwanza nilimpa jina Rebeka. Ndiyo. Wanangu wote niliwalea nikiwasimulia habari za shangazi yangu ambaye hakupiga, aliyenifunza kwa maziwa, na mimi ndiye niliyemwangusha. Watu huniita Mama Rebeka mpaka leo.

Tulifika Nakivale wakati nyasi zilikuwa bado zinamzidi mtu kimo, tukapewa fasi ya kujenga, tukajenga kwa udongo na turubai, tukalima mahindi na maharage. Tulikuwa tumeshazoea watu na ziwa na vumbi, ndipo shangazi alipofika. Alikuja kutoka Tanzania kwa njia ya Kikagate, amefungwa nyuma ya baiskeli kwa kitenge ili asianguke, mwepesi kama kuku. Mwenye baiskeli aliuliza nyumba kwa nyumba, nani anamjua huyu bibi, anasema ana mtu anaitwa Salome. Nilimtambua kwa shingo.

Nililia kwa furaha. Nikampa kona nzuri ya nyumba, mbali na mlango. Na alipoanza kulowesha mkeka, maana mwili ulikuwa umeshamshinda, niliuosha huku naimba tenzi za kanisa. Sikuona kinyaa. Niliona nimepata nafasi ya kulipa wema. Mjukuu wangu Sifa, ambaye naye alikuwa bado analowesha, tulimcheka mimi na mama yake (tate kwetu ni bibi): "Wewe na Tate mukubwa muko kikundi kimoja!"

Sasa Mama Sifa akaenda semina ya wamama kanisani. Wakafunzwa kwamba mtoto asipigwe, apewe kado, yaani zawadi, akifanya vizuri, ndipo anashika tabia njema. Akarudi amechangamka. Jioni ile ameshika kikombe cha maziwa, Sifa amekaa mbele yake, magoti pamoja, macho makubwa.

"Leo umelala mukavu, Sifa wangu. Basi unapata kado yako."

Mimi nilikuwa napepeta maharage. Na kutoka kwenye kona nikasikia kicheko. Shangazi alikuwa hacheki siku zile. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu aliyekutana na mtu wa zamani.

"Bibi arusi," alimwambia Mama Sifa, "usimupe jioni. Umupe asubuhi, akiisha kuamuka. Ya jioni ni ya ule mutoto mwenye hautake alale mukavu."

Mama Sifa akacheka naye, akasema ni kweli, tate, sikuwaza, akakiweka kikombe juu ya sanduku. Hakujua kilichosemwa. Ungo ulikuwa mkononi mwangu na maharage yalikuwa yameacha kuruka.

Nilingoja Mama Sifa atoke na mtoto. Nikasogea pale kwenye kona, nikachuchumaa.

"Shangazi. Ulijua?"

Aliniangalia. Akili yake ilikuwa inakuja na kwenda, lakini pale ilikuwa imekuja yote.

"Nani hajue? Maziwa inaingia, maziwa inatoka."

"Na gauni?"

"Gauni ilikuwa ya Debora." Akavuta kitenge mpaka kifuani. "Ulitaka nifanye nini, Salome? Fasi ilikuwa moja. Filipo alisema ni yako, baba yako alisema ni yako, Mungu naye pengine alisema. Mimi nilikuwa na kibuyu tu." Kisha akanyoosha mkono, ule mkono, akaushika mkono wangu. "Na ulikuwa unaweza kushinda, unajua? Ulikuwa na nguvu! Ile siku za mwisho uliniogopesha. Njo nikakulalisha kwangu."

Alisema hayo kama mtu anayesifu.

Kesho yake nilimsubiri Tumwesigye, kijana wa Rugaaga anayeleta maziwa kwa baiskeli. Nikamwambia apite kwangu kila siku, jua likielekea kuzama. Nilitafuta kibuyu soko lote mpaka nikakipata kwa mwanamke wa Kinyankole, nikakifukiza mwenyewe kwa majani, vizuri, moshi ukakaa. Nikamwinua shangazi, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamweka magoti pamoja. Nikampa kwa mikono miwili.

Alinusa kabla ya kuangalia.

"Ni ya jioni?"

"Ni ya jioni."

"Ya kunipa ju ya nini?"

"Ju ulinilea. Kunywa yote, mama yangu. Maziwa haiachwe."

Tukaangaliana juu ya mdomo wa kibuyu. Alielewa, yule mwanamke alielewa kila kitu mpaka siku ya mwisho. Akainua akanywa, polepole, koo linapanda na kushuka, mpaka akaona sakafu. Mtu wa kwetu hakatai maziwa.

Asubuhi nikautoa mkeka wake nikauanika kwenye ua, upande wa njia ya bombani, ambako wanawake wote hupita na madumu yao. Ikawa hivyo kila siku. Watoto wa majirani, Baraka na Fideli na wenzao, walitunga wimbo. Maneno yalikuwa mengine. Sikuwafukuza.

Na watu walinisifu! Mchungaji Elia alinitaja kanisani, akaniambia nisimame. "Mutazame Mama Rebeka. Hapa kambini, fasi watu wanapigania unga, yeye ananywesha shangazi yake maziwa kila jioni, na si mama yake mzazi. Kila jioni!" Wamama wakapiga vigelegele. Shangazi alikuwa amekaa kando yangu, ameletwa kwa kiti. Akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali. Aliijua ile heshima. Yeye ndiye aliyeitengeneza.

Sifa alipewa yake asubuhi, na kabla mvua hazijarudi alikuwa amekauka, akaanza shule, sasa anasoma kila kibao cha duka tukipita njiani mpaka ananichosha.

Jioni moja shangazi alifunga mdomo. Nilimwekea kibuyu, maziwa yakamgusa mdomo, hakuufungua. Nikamwambia, "Shangazi, maziwa haikataliwe." Akageuza uso kwenye ukuta. "Nimeshiba, Salome," akasema.

Asubuhi nilimkuta amekuwa baridi. Mama Fideli na Mama Baraka walikuja kunisaidia kumwosha. Tulipomwinua, Mama Fideli akapitisha kiganja kwenye mkeka, akashangaa. "Amekufa musafi," akasema. "Uangalie. Mukavu."

Tulimzika mchana. Tumwesigye hakuwa amesikia. Jua lilipoelekea kuzama akaja na baiskeli yake, akanimiminia kama kawaida, akaenda. Nikabaki na kibuyu kimejaa. Waliokuja kuomboleza walikuwa nje, wanazungumza juu ya mvua. Kwa sheria ya boma letu, aliyelala mkavu anapewa jioni, na hakuwapo wa kumpa. Kumwaga hayamwagwi. Nikakaa kwenye kigoda, nikaweka magoti pamoja, nikanywa mpaka sakafu.

Nililala usingizi mzito. Asubuhi, kabla sijafungua macho, nikapeleka mkono chini yangu nikapapasa.

Kukavu. Nikabaki nimelala pale, nasikiliza, kama kuna mtu anakuja kutangaza.